Mpendwa, Upo?

Saa kumi alfajiri simu ikatetemeka kwenye stuli. Mama Neema, ambaye mtoto akilia hasikii, hiyo akaisikia. Akaishika, akasoma kwa sauti: "Mpendwa, upo?"

Jamani, huyo ni huduma kwa wateja wa kampuni ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, huko China. Kwao ni saa tatu asubuhi, ndiyo wanafungua ofisi. Na wauzaji wa mtandaoni wa Kichina wana kaneno kao, "qin", yaani mpendwa, wanamgawia kila mteja, hata aliyekuja kugomba. Programu ya kutafsiri haina haya, inakuletea kama kalivyo. Haya, mweleze mke hayo alfajiri.

Kosa langu. Nauza mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya ndani ya samaki, hapa Mwanza, na wanaoyalilia ni Wachina, wanayapikia supu. Mpwa wangu, fundi kompyuta ambaye hata pasi imemshinda, akaniambia, "Anko, tovuti yako iko seva ya Ulaya. Mtu wa Guangzhou, kule China, anaifungua mpaka bondo linaota ukungu. Ihamishie kwao."

Kumbe seva ya China bara huingii hivihivi. Tovuti inasajiliwa serikalini, wanaita ICP beian. Wanataka leseni ya biashara ya kwao. Wanataka namba ya simu ya kwao, tarakimu 11. Ukaguzi unaweza kufika siku 20 za kazi, na Jumapili yako hawaihesabu. Ukipita unapewa namba uibandike chini ya ukurasa kama pleti ya bajaji, kisha ndani ya siku 30 ukajiandikishe na polisi. Polisi! Na mimi nimeweka picha ya bondo tu.

Hapo nilishahakikiwa uso, kampuni ya seva ijue ni mimi kweli. Nimekaa uani kando ya chanja, simu mbele ya pua, inaniamuru: pepesa macho. Napepesa. Fungua mdomo. Nafungua. Geuza kichwa kushoto. Nageuza, nakutana na jirani kwenye ua wa michongoma, kasimama na ndoo yake ananitazama. Simu ikasema nirudie. Nikarudia mara nne. Jioni shemeji akapiga kuuliza kama nimeanza kuumwa.

Mwisho tovuti tukaipeleka Hong Kong. Kule beian haidaiwi, seva unalipia tu. Nikashangilia mapema.

Maana kulipa nako ni kilimo. Programu za malipo za China bara zinapokea kadi za wageni, lakini muamala ukizidi yuan 200, hela yao, unakatwa asilimia 3. Hiyo nilimeza, sisi tumezoea makato. Shida ni binti wetu mmoja anayesoma Guangzhou, kanitafsiria tovuti nzima, ujira wake yuan 150. Natuma, inagoma. Kumbe kadi ya mgeni inalipa duka, haimtumii mtu hela. Binti akaenda kwa muuza tambi wa mtaani kwao, akanipigia picha ile karatasi ya kuskani, nikamlipa muuza tambi. Binti anakula kwa daftari. Kila nikiongeza ukurasa, yeye anaongezewa bakuli. Juzi kaniomba kwa adabu, "Shikamoo baba, ukurasa ujao unaweza kuwa sabuni?"

Wateja? Mmoja amekuja. Mchina anayeishi hapahapa Mwanza, mwendo wa bodaboda kutoka kwangu. Kaona tovuti, kafika, kalinyanyua bondo juani kuangalia unene, kasema, "Bei juu, rafiki, punguza." Kalipa kwa simu, kwa Kiswahili, na ya kutolea kaweka.

Jana alfajiri stuli ikatetemeka tena. "Mpendwa, zimebaki siku saba." Ni malipo ya seva, lakini mimi sikunyanyua hata shuka. Mama Neema ndiye aliyechukua simu, akaandika: "Mpendwa amelala."

Hazikupita sekunde tatu. "Sawa mpendwa, nitamsubiri."