Wanajeshi mitaani: kuliarifu Bunge si kuomba idhini

Jioni ya tarehe 25 Juni 2024, saa chache baada ya Bunge la Kenya kuvamiwa, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitoa tangazo katika gazeti rasmi la serikali kwamba wanajeshi wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) watawasaidia polisi. Kufikia tarehe 27, magari ya deraya yalikuwa katikati ya Nairobi.

Wanaoitetea hatua ile wana hoja nzito. Waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walikuwa wameingia ndani ya Bunge, sehemu ya jengo ikateketea, na polisi wakazidiwa licha ya kufyatua risasi zilizoua watu. Serikali gani ingekaa ikitazama?

Lakini tuisome Katiba polepole. Kifungu cha 241(3)(b) kinasema majeshi yatasaidia wakati wa dharura au mkasa, kisha Bunge la Kitaifa liarifiwe. Herufi inayofuata, (c), inahusu kurejesha amani penye machafuko, na hapo wanajeshi hawatoki bila idhini ya Bunge. Tangazo lile liliegemea (b). Kwangu, mafuriko ni (b). Raia waliojaa barabarani kwa hasira ni (c), hata kama wapo wahalifu kati yao. Wabunge walipitisha hoja ya kuidhinisha tarehe 26, amri ikiwa imeshatoka. Ruhusa ya namna hiyo ni kugonga mhuri tu.

Chama cha Mawakili kilikwenda kortini. Jaji Lawrence Mugambi aliwaacha wanajeshi waendelee, ila akaiagiza serikali itangaze mipaka ya kazi yao na muda watakaokaa. Hapo ndipo penye kidonda.

Walio na umri wa kukumbuka yaliyotokea Mlima Elgon, magharibi mwa Kenya, wananielewa. Wanamgambo wa Sabaot Land Defence Force (SLDF) walikuwa wakiua wanakijiji na kuwakata wengine masikio, na jeshi lilipoingia Machi 2008 kwa Operesheni Okoa Maisha, wapo wakazi waliolipokea kwa shangwe. Halafu wanaume wakaanza kukusanywa kijiji baada ya kijiji. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za waliopigwa, walioteswa na wasiorudi nyumbani hadi leo, jeshi likakana. Simlaumu kuruta aliyefunzwa kumkabili adui halafu akasimamishwa mbele ya umati wa wananchi wenzake. Namlaumu anayemtuma bila kumwambia mwisho wa kazi ni upi.

Kwa hiyo sikatai KDF kulinda Bunge siku linapowaka. Ninachotaka ni Sheria ya KDF ya mwaka 2012 irekebishwe, ili tangazo lolote la kupeleka wanajeshi mitaani litaje eneo, kazi na tarehe ya kurudi kambini. Lisipotaja, lifutike lenyewe baada ya siku 7, na waziri arudi bungeni kuomba upya.