Mwisho Uliofungiwa Karanga

Kabla hamjanihukumu, mjue kwanza kwamba lile koti nililipata kwa bei ya kutupa. Mnada wa mitumba, saa saba mchana, jua la Kigoma limenikalia utosini kama gunia la dagaa, na mimi nimekumbatia koti la theluji lenye manyoya shingoni. Niliona linanifaa. Msiniulize kwa kazi gani. Mama watoto aliponiona naingia nalo uani hakusema neno. Alilitazama koti, akanitazama mimi, akarudi kugeuza migebuka yake kikaangoni. Afadhali angesema.

Kilichoniokoa ni mfuko wa ndani. Ndani yake kulikuwa na kitabu. Cha Kiingereza, kimechakaa, jalada limebaki nusu: The African Queen, cha Mwingereza mmoja, C. S. Forester, kilichotoka 1935. Nikafungua katikati nikakutana na Wajerumani. Nikafungua mbele kidogo nikakutana na meli yao ya vita inayolinda ziwa. Nikapiga kelele, "Huyu mtu anatusema sisi!" Mama watoto akauliza kama humo wamesema pia kodi ya nyumba italipwa lini.

Mimi ni fundi baiskeli, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, nikaongezea cha kwenye maboksi ya vipuri. Kwa hiyo kitabu kile kilinichukua miezi minne, kamusi goti hili, tairi goti lile. Wateja walizoea. Mtu analeta baiskeli ina pancha, namwambia subiri, kuna maporomoko hapa, tukizembea tunazama wote.

Hadithi yenyewe ni hivi. Mwaka 1914, vita vimeanza. Rose ni dada wa mmishonari, kaka yake amekufa kwa homa baada ya askari wa Mjerumani kuwavuruga pale misheni. Anabaki na fundi mmoja mpenda pombe ya jini, Allnut, mwenye boti bovu la mvuke. Yule dada anaamua washuke mto mpaka ziwani wakailipue meli ya Mjerumani kwa mitungi ya oksijeni iliyojazwa baruti. Allnut anakataa. Kurasa chache baadaye wanashuka mto. Hapo nilijua mwandishi ana mke.

Kitu kimoja tu kilinikera. Mto wenyewe anauita Ulanga. Jamani! Ulanga tunaujua, uko kule Morogoro, maji yake yanaingia Rufiji na Rufiji inaingia Bahari ya Hindi. Yeye kaugeuza ukaingia ziwani. Kama alitaka mto wa kuingia ziwa, si angeuliza? Malagarasi upo, unamwaga maji yake Tanganyika usiku na mchana na haujawahi kuigizwa.

Lakini nikamsamehe kwa sababu ya shafti. Katikati ya safari boti linagonga mwamba, shafti inapinda, propela inakatika panga moja. Hakuna gereji, hakuna duka la vipuri, kuna pori na mbu. Yule Allnut, ambaye mpaka hapo nilimwona mlevi tu, anapiga mbizi, anaifungua shafti majini, anaitoa ufukweni, anawasha moto wa mkaa, anatengeneza mivukuto, anainyoosha shafti taratibu, anafua panga jipya la propela. Kurasa na kurasa. Niliposoma pale nilisimama. Nilitaka kumpa mkono. Nimefanya kazi hii miaka 22 na hakuna mtu aliyewahi kuandika hata sentensi moja kuhusu kunyoosha ringi.

Sasa tuje kwenye filamu, ambako ndiko matatizo yangu yalikoanzia.

Shemeji yangu ana kijibanda cha kuwaingizia watu nyimbo na filamu kwenye flashi. Siku moja akaja anacheka, "Shemeji, ile meli yako nimeipata, imechezwa." Kweli, filamu ya 1951, ya John Huston, Allnut ni Humphrey Bogart na Rose ni Katharine Hepburn. Jumamosi ikaonyeshwa pale kibanda umiza, mia tatu kichwa, watu wamejaa mpaka kwenye ndoo zilizopinduliwa, kwa sababu shemeji alitangaza mtaa mzima kwamba ni filamu ya Kigoma.

Si ya Kigoma. Walikwenda kupiga picha Kongo, mto Ruiki, wakaenda Uganda, na sehemu nyingine wakazimalizia studio Uingereza. Hapa kwetu hawakugusa hata mchanga. Nilijaribu kuwaeleza watu mlangoni, wakaniambia nisiwazibie.

Halafu kuna DJ. Huyu ndiye anayetafsiri kwa maikrofoni filamu inavyokwenda. Kiingereza chake hakizidi changu, ila ana sauti. Dakika ya tano Rose amekuwa Roza wa Kasulu. Allnut, ambaye kitabuni ni mtoto wa London na filamu ikamfanya Mkanada maana Bogart ni Mmarekani na ulimi haukukubali, kwa DJ akawa Chale, mzaliwa wa Katonga, aliyekimbia deni la nyavu. Pale Roza anapomwaga jini yote mtoni, chupa baada ya chupa, DJ akasema, "Mgambo wanakuja, anaficha ushahidi!" Vijana wawili nyuma wakasimama kwa masikitiko. Na zile ruba zilipomganda Bogart mgongoni, ukumbi mzima ulijikuna. Hapo nakiri, kitabu hakijawahi kunikuna.

Lakini shafti! Nilikaa nimejiandaa, nimemwambia na jirani yangu, "Sasa tazama kazi ya fundi." Wakapuliza moto, wakagonga kidogo, wakacheka kidogo, imekwisha. Dakika chache! Shafti imenyooka! Nilisimama nikasema, "Hiyo shafti haiwezi kukaa hivyo!" Nikatolewa nje. Nilimalizia filamu nikichungulia kwenye tundu la turubai, na mia tatu yangu nimelipa.

Kuanzia siku hiyo kijiwe chetu cha kahawa hakina amani. Mimi nasema kitabu ni bora, wao wanasema filamu. Na mimi ndiye msomaji peke yangu! Mnajua ugumu wa kuwa msomaji peke yako? Watazamaji arobaini wana ushahidi, mimi nina maelezo. Kijana wa bodaboda akaniambia, "Fundi, wewe umesoma, sisi tumeona kwa macho." Nitamjibu nini? Nikamwambia kitabuni unajua Rose anawaza nini usiku akiwa kimya. Akasema, "Hata filamuni tulijua, DJ alitwambia."

Babu mmoja, aliyebeba mizigo bandarini tangu ujana wake, akatuweka sawa wote. "Mnasema meli ililipuliwa? Meli ile si Liemba? Meli iliyolipuliwa inarudije kubeba abiria?" Na kweli. Liemba ndiyo ile meli ya Wajerumani ya wakati wa vita, Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwenye makreti yapata 5,000, ikapanda treni mpaka hapa, ikafungwa upya na kushushwa majini 1915. Julai 1916 Wajerumani walipozidiwa waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wao wakazipaka injini grisi kwanza. Grisi! Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza tena kazi 1927 kwa jina la Liemba. Ikabeba watu na mawese na nanasi ziwani miaka na miaka, kabla ya kukaa bandarini kusubiri matengenezo. Na boti la mvuke la kwenye filamu, nasikia linatunzwa Florida, Key Largo, na watalii wanalipa kulipanda. Kwa hiyo boti la kuigiza lilikuwa linafanya kazi, meli ya kweli ilikuwa imepumzika. Babu aliposikia hivyo aliomba kikombe cha pili.

Mimi kama fundi, ningekuwa mwandishi, hadithi yangu nzima ingekuwa ya yule mtu aliyepaka grisi.

Basi, ubishi ukafika kwenye mwisho. Filamuni Roza na Chale wamekamatwa, wako kwenye meli ya Mjerumani, kamba ziko tayari. Chale anaomba wafungishwe ndoa kwanza. Kapteni anawafungisha, na kabla hawajanyongwa meli inagonga lile boti lao lililopinduka likiwa bado na mabomu yake, buum, wanaogelea wanaimba. Kijiwe kizima kinapenda mwisho ule. Wakaniuliza, "Na kitabuni, fundi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposema uongo.

Kitabu changu kilikuwa hakina mwisho. Kurasa za nyuma zilikatika palepale wanapojificha kwenye matete wanasubiri usiku. Nilidhani ni yule mzungu mwenye koti aliyezipoteza. Ningesema sijui, baada ya miezi minne ya kujitapa? Nikakohoa, nikasema, "Ni vilevile, ila kitabuni umetulia zaidi."

Pembeni alikuwapo Mwalimu mstaafu. Huwa hasemi, anakunywa kahawa yake na kuondoka. Siku hiyo akaweka kikombe chini. "Fundi, shikamoo yako naipokea kila siku, lakini leo umenidanganya. Kitabuni dhoruba inalizamisha boti lao kabla halijaigusa meli. Kapteni wa Kijerumani hawanyongi, anawarudisha kwa Waingereza chini ya bendera nyeupe. Meli inazamishwa na boti za Waingereza. Wale wawili wanakwenda kutafuta wa kuwafungisha ndoa, na mwandishi anagoma kutuambia kama waliishi kwa raha."

Kimya. Kijana wa bodaboda akasema taratibu, "Kwa hiyo filamu ni bora."

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Mama watoto huuza karanga pale kwenye kizingiti, zimefungwa kwenye vikaratasi vya pembe. Mteja mmoja, mtoto wa shule, akamaliza zake akakitupa kikaratasi, kikafunuka miguuni mwangu. Nikasoma: Allnut.

Sikupiga kelele. Nilimfuata kwa sauti ya chini kabisa. "Mama watoto, hizi karatasi unazitoa wapi?"

"Kwenye kile kitabu cha koti."

"Kile kitabu nilikuwa nakisoma!"

"Naelewa, baba. Ndiyo maana nilianzia nyuma, nisikusumbue. Wewe si ulikuwa mbele?"

Mjibuni nyinyi. Mimi nilishindwa.

Wiki mbili nilinunua karanga mtaani kutoka kwa kila mtu aliyewahi kununua kwa mke wangu. Nilipata ukurasa mmoja wa dhoruba, wenye mafuta. Nusu ukurasa wa kapteni. Hesabu za mtoto wa kidato cha pili, zote zimekosewa. Na bili ya maji. Boti za Waingereza sijazipata mpaka leo, nadhani zimeliwa Gungu.

Mwalimu akanionea huruma. Shemeji alishatangaza kwamba inayofuata ni Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya 2021, ile iliyofika mpaka tamasha la Toronto, basi Mwalimu akaniazima riwaya yenyewe ya Adam Shafi, ya 1999. Kiswahili! Bila kamusi! Nilihesabu kurasa mbele ya mashahidi wawili. Nikaificha juu ya mlango, nyuma ya pampu.

Juzi usiku naamka, mwanga wa tochi ya simu. Mama watoto amekaa na kitabu, hata hajanisikia. Amefika mbali, mbali kuliko mimi. Mimi bado niko pale Yasmini anapokimbilia kwa Mwajuma. Nikamwambia, "Usije ukaniambia."

Akafunua ukurasa. "Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Koti."

Koti limeuzwa jana asubuhi. Aliyenunua ni DJ wa kibanda umiza, anasema Jumamosi atalivaa akitafsiri.