Kifurushi cha Saa Tisa Alasiri: Nani Hasa Aliua Katuni za Baada ya Shule?

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 1997, vituo vya televisheni vya Marekani vilirusha kwa mara ya mwisho saa mbili za katuni zilizojulikana kwa jina la The Disney Afternoon. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Septemba, ikaanza kutumika kanuni ya serikali iliyokitaka kila kituo kionyeshe saa tatu za vipindi vya kuelimisha watoto kila wiki. Tarehe mbili zikikaribiana hivyo, watu hawakosi la kusema. Kuna wanaoshikilia mpaka leo kwamba serikali ndiyo iliyoziua katuni za alasiri kwa kutaka kila kitu kiwe darasa. Wengine wanajibu kwamba katuni zile zilikuwa matangazo marefu ya biashara yaliyovalishwa manyoya ya bata, na kufa kwake hakukumpunguzia mtoto chochote.

Mimi sikubaliani na yeyote kati yao, lakini kabla ya kueleza kwa nini, tuone kwanza biashara yenyewe ilivyokuwa ikiendeshwa.

Miaka ya 1980 mitandao mitatu mikubwa ya televisheni, ABC, CBS na NBC, iliwawekea watoto katuni Jumamosi asubuhi. Alasiri za siku za kazi zilikuwa mali ya vituo vyenyewe, na vingi kati ya hivyo havikuwa na mtandao wowote: vilikuwa vituo huru vyenye saa nyingi za kujaza na fedha kidogo za kujazia. Vilipata vipindi kwa wasambazaji, kituo kwa kituo, mji kwa mji, na mara nyingi hakukuwa na malipo taslimu. Msambazaji alitoa kipindi, kituo kikatoa sehemu ya dakika zake za matangazo, kila mmoja akauza dakika zake kwa wenye bidhaa. Mali kwa mali, kama gulioni.

Biashara hiyo ilikuwa na namba yake: 65. Ukionyesha sehemu moja ya katuni kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, sehemu 65 zinakupeleka wiki 13, yaani robo ya mwaka. Ukizirudia mara nne, mwaka umekwisha. Mtoto wa miaka saba halalamiki akirudishiwa hadithi aliyoiona miezi mitatu iliyopita, pengine hata anaifurahia zaidi. Ndiyo maana wazalishaji waliagiza sehemu 65 kwa mpigo, na orodha za katuni za enzi hizo zimejaa namba hiyo.

Aliyeonyesha kwamba namba hiyo inalipa hakuwa Disney. Mwaka 1983 studio ya Filmation ilitoa He-Man and the Masters of the Universe, katuni iliyojengwa juu ya midoli ambayo kampuni ya Mattel ilikwisha kuiuza madukani. Hali ya hewa ya kisiasa iliruhusu. Mark Fowler, mwenyekiti wa tume ya mawasiliano FCC chini ya Rais Reagan, alikuwa mtu wa kusema kwamba televisheni ni kifaa cha nyumbani kama kingine, toasta yenye picha. Mwaka 1984 tume hiyo ikafuta mipaka ya dakika za matangazo ya biashara. Zikafuata Transformers, G.I. Joe na msafara mzima wa midoli inayoongea.

Disney waliingia kwa mlango mwingine. Michael Eisner alishika uongozi wa kampuni mwaka 1984, na mwaka uliofuata wakatoa Gummi Bears kwa ajili ya Jumamosi za NBC. Tarehe 18 Septemba 1987 wakaingia sokoni na DuckTales, sehemu 65 kwa mkupuo, wakitumia fedha nyingi kuliko ilivyokuwa kawaida ya katuni za televisheni. Hadithi zake hazikutoka dukani kwa midoli. Nyingi zilichimbuliwa kwenye majarida ya Carl Barks, mchoraji aliyemzua bata tajiri Scrooge McDuck mwaka 1947. Mwaka 1989 ikafuata Rescue Rangers, na tarehe 10 Septemba 1990, TaleSpin ilipokuwa tayari, zote nne zikafungwa pamoja: saa tisa hadi saa kumi na moja, wimbo mmoja wa kufungulia, jina moja. Msomaji anayenunua bando la simu anaijua biashara hii. Unataka dakika za kupiga tu? Hapana, chukua na meseji.

Sasa utetezi, na nitaanza nao kwa sababu una nguvu kuliko wakosoaji wanavyokiri. Kifurushi ndicho kilicholipia ubora. Katuni inayojulikana kwamba itarudiwa kwa miaka, na inayoingia kwenye saa zilizokwisha kupata watazamaji, inaweza kupewa waandishi wazuri na wachoraji wa kutosha. Kila Septemba kipindi kikongwe kilitoka, kipya kikaingia: Darkwing Duck 1991, Goof Troop 1992, Bonkers 1993. Kipya hakikuhitaji kutafuta watazamaji wake peke yake, kilibebwa na wenzake. Chukua Gargoyles. Ilianza mwaka 1994 kwa sehemu 13 tu, baada ya siku za mwanzo ikarushwa mara moja kwa wiki, ikiwa na giza na hadithi inayoendelea kutoka sehemu moja hadi nyingine, jambo lililokuwa hatari kibiashara kwa sababu mtoto akikosa siku moja anapotea. Mwaka uliofuata wakaiongezea sehemu 52. Jumla? 65. Sidhani kituo kimoja kimoja kingeinunua hadithi nzito namna ile kama ingekuja mlangoni bila ndugu zake.

Tena zilisafiri. Desemba 1993 nchini Hungaria, televisheni ya taifa ilikata DuckTales katikati ya kipindi ili kutangaza msiba wa waziri mkuu, József Antall. Wahungaria waliokuwa watoto siku ile wamepewa jina la kizazi kutokana na katuni hiyo. Kwao, mwanzo wa kujua siasa ni bata aliyetoweka kwenye kioo. Tangazo la midoli haliachi alama ya namna hiyo.

Upande wa pili haukosi ushahidi. Peggy Charren, mama wa Massachusetts aliyeanzisha chama cha Action for Children's Television mwaka 1968, alitumia zaidi ya miaka 20 akisema jambo moja: mtoto mdogo hajui mpaka kati ya hadithi na tangazo, kwa hiyo kumuuzia hapo ni kumvizia. Mtetezi wa Disney atasema katuni zao hazikutokana na midoli. Kweli, lakini fedha zilienda kulekule kwa njia ya nyuma. Capcom walitengeneza mchezo wa video wa DuckTales mwaka 1989, wa Rescue Rangers ukafuata, na mwaka 1991 sehemu ya Disneyland huko California ikageuzwa kuwa mtaa wa katuni hizo. Mattel walikwenda kutoka mdoli hadi katuni. Disney walikwenda kutoka katuni hadi kila kitu kingine.

Sisi waongeaji wa Kiswahili tuna kesi yetu ndogo hapa. Mwaka 1995 kifurushi kiliingiza Timon & Pumbaa, chipukizi la The Lion King, pamoja na nguruwe aliyepewa jina ambalo kwetu ni kitenzi cha mtu aliyeduwaa. Jina sina neno nalo, lilichekesha. Lakini mwaka 1994 Disney walikuwa wameomba kusajili maneno “Hakuna Matata” kama alama yao ya biashara kwa ajili ya fulana, na mwaka 2003 wakapewa. Alama hiyo haimzuii bibi yako kuyasema. Hata hivyo inaonyesha jinsi kampuni ile ilivyokitazama kila kilichopita kwenye saa zake mbili: kinaweza kuchapwa kwenye nguo?

Lalamiko ambalo mimi naliona zito zaidi halisemwi sana, nalo linahusu nafasi. Kabla ya 1990 kituo kiliweza kuchukua DuckTales na kuizungushia katuni za studio nyingine. Kifurushi kilikuja na saa mbili zilizojaa. Wakati huohuo Disney walikuwa wamenunua kituo Los Angeles, wakakiita KCAL, na DuckTales ikahamishiwa huko kutoka KTTV, kituo cha mtandao wa Fox. Fox walikasirika, wakajibu kwa kuanzisha kifurushi chao, Fox Kids, tarehe 8 Septemba 1990, siku mbili kabla ya kile cha Disney. Mwaka huo Disney waliwafikisha Fox mahakamani wakidai vituo vinashinikizwa kuwakataa, kesi ambayo baadaye waliiacha. Kwa mtoto, fahali hawa wawili walileta neema: Fox walikuja na Batman mwaka 1992, kisha Power Rangers 1993. Nyasi walikuwa studio ndogo. Mwenye katuni moja nzuri angeipeleka wapi, ikiwa alasiri ya kituo hiki ni ya Fox na ya kituo kile ni ya Disney? Filmation yenyewe, iliyofungua njia, ilikuwa imefungwa mwaka 1989. Na hapa kuna kinaya: Filmation, iliyochekwa kwa michoro ya bei rahisi, ilijivunia kuchora kazi zake Marekani. Disney, waliosifiwa kwa ubora, walipeleka sehemu kubwa ya uchoraji nje, Japani na Taiwan.

Turudi kwenye ile Ijumaa. Je, serikali ndiyo iliyoua?

Sheria ya Televisheni ya Watoto ilipitishwa Oktoba 1990. Iliweka ukomo wa matangazo: dakika 12 kwa saa siku za kazi, dakika 10 na nusu wikiendi. Ilitaka pia vituo vihudumie elimu ya watoto, bila kusema kwa kiasi gani, na vituo vikafanya mzaha. Ripoti ya mwaka 1992 iligundua kituo kilichoiandika katuni ya The Jetsons kuwa ya elimu, kwa maelezo kwamba inafundisha maisha ya karne ya 21. Kanuni ya saa tatu ilikuja kuziba mzaha huo.

Lakini hesabu inakataa. Saa tatu kwa wiki unazimaliza Jumamosi asubuhi. The Disney Afternoon ilikuwa saa kumi kwa wiki. Kanuni haikuhitaji kugusa hata dakika moja ya alasiri. Kama serikali ina mkono, utafute kwenye zile dakika 12. Vipindi vya watu wazima havikuwa na ukomo kama huo, na meneja wa kituo aliweza kulinganisha: katuni zenye matangazo ya pipi na midoli, yenye msimu, au mazungumzo na mahakama za luninga, ambako kuna sabuni, magari na mawakili mwaka mzima. Judge Judy, moja ya mahakama hizo, ilianza Septemba 1996. Hapo wapinzani wa serikali wana hoja, ingawa si ile wanayoipenda.

Pigo lenyewe lilitoka upande wa umiliki. Kwa miaka mingi mitandao ilizuiwa kumiliki na kusambaza sehemu kubwa ya vipindi ilivyoonyesha, na masharti hayo yakaondolewa hatua kwa hatua hadi 1995. Januari 1995 ilizaliwa mitandao miwili mipya, The WB na UPN, iliyojengwa juu ya vituo huru vilevile vilivyokuwa wateja wa Disney. Septemba hiyohiyo The WB wakaja na katuni zao. Mteja mwenye njaa akawa na jiko lake. Disney nao walitangaza mwaka 1995 kuinunua Capital Cities/ABC kwa dola bilioni 19, na mwanzoni mwa 1996 wakawa na mtandao mzima. Sababu ya kubisha hodi kituo kwa kituo ilikuwa imepungua. Jina likafutwa 1997, mabaki yakaendelea kurushwa hadi 1999.

Hapa ndipo ninapoachana na pande zote mbili. Katuni zilizopendwa hazikufa. Tarehe 18 Aprili 1998 Disney walifungua chaneli iitwayo Toon Disney, na ndani yake ungezikuta DuckTales, TaleSpin, Darkwing Duck na jamaa zao wakizunguka mchana na usiku. Ila Toon Disney ilikuwa chaneli ya kulipia, ya kebo na setilaiti. Sifa ambayo wakosoaji hawakuipa uzito, na mashabiki hawakuitaja kwa sababu waliiona ya kawaida, ni kwamba The Disney Afternoon ilinaswa na antena yoyote. Mtoto wa mlinzi na mtoto wa daktari walitoka shule wakakuta hadithi ileile, yenye wachoraji walewale wa gharama. Walilipa kwa kutazama matangazo, na malipo hayo sikuyapenda, lakini yalikuwa sawa kwa wote wawili.

Baada ya 1997 mtoto wa daktari alihamia kebo pamoja na katuni zake. Aliyebaki na antena akirudi saa tisa alikutana na jaji akisuluhisha ugomvi wa kodi ya nyumba, na katuni za bure akazisubiri Jumamosi, mpaka nazo zikapungua. Kifurushi cha mwisho cha aina hiyo kwenye mitandao mikubwa ya bure, Vortexx cha mtandao wa The CW, kilizimwa Septemba 2014. DuckTales ilitengenezwa upya mwaka 2017, na safari hii ilizaliwa moja kwa moja kwenye chaneli ya kulipia.