Beringi ya klachi na waya wa nondo

Jumamosi nzima nimeshinda gereji chini ya mwembe, nimekalia tairi, natazama injini ya Volkswagen ya marehemu baba ikishushwa. Kobe ya mwaka 1967. Wiki tatu ilikuwa inalia kila nikikanyaga klachi, kama kisu kinanolewa, nikiachia, kimya. Wenye magari haya mmeshajua ni nini: beringi ya klachi, ile inayoisukuma klachi iachie ukikanyaga pedali. Ingelia pedali ikiwa juu na kunyamaza nikikanyaga, ningeanza kuiogopa giaboksi.

Kushusha injini ili kuifikia si jambo la kutisha. Bolti nne, kebo ya mafuta, bomba la petroli, nyaya za jenereta na za hita, jeki chini, vuta nyuma. Fundi hakumaliza hata saa nzima. Hapo nampa haki yake.

Ndipo tukaiona. Beringi imefungwa kwa waya. Ule ule wa kufungia nondo, umezungushwa mara tatu, ncha zimekunjwa kwa ustadi, utadhani mtu alikuwa anafunga zawadi. Klipu mbili zinazoishika kwenye foki, ule mkono unaoisukuma, hazipo. Upande mmoja waya umekatika, beringi imekaa mshazari, imekula ule mduara wa katikati ya presha pleti, sahani inayoibana klachi, mpaka umechimbika.

Klipu jamani! Kijichuma kinachopotea kiganjani! Kuna mtu alishusha mzigo wa zaidi ya kilo 100, akaiona kazi yote iko wazi mbele yake, akashindwa kwenda dukani kutafuta klipu mbili. Bora liende. Kisha akapokea hela, akanipungia mkono. Na kazi hii mwenye gari huioni, injini ikisharudi ndiyo basi, unabaki kuamini. Unamlipa mtu kwa kile usichoweza kukikagua, naye anajua huwezi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko beringi.

Subirini, haijaisha. Kijana akatumwa dukani, karudi na beringi inang'aa. Ya magari ya kuanzia 1971, ile inayoteleza juu ya bomba la katikati. Langu halina hilo bomba.

“Beringi ni beringi, bosi. Itakubali tu, tutaibana.”

Utaibana na nini, fundi? Akacheka. Mimi sikucheka. Nikaenda mwenyewe, na ya zamani mkononi, maduka manne, mpaka nikapata ya masikio, ile inayoshikwa kwa klipu, na klipu zake, na presha pleti yenye mduara. Spea bandia nazo zimejaa huko, ila hiyo ni hasira ya siku nyingine.

Fundi naye alinipiga dongo: “Bosi, wewe unailalia klachi.” Kwa shingo upande nakiri. Kwenye foleni ya Mbagala mguu wangu hauondoki pale, na kebo niliiacha imekaza bila mchezo wowote, kwa hiyo beringi ilizunguka kutwa hata nisipobadili gia. Haya, kosa langu. Lakini waya sikuufunga mimi.

Jioni tukarekebisha ile nati ya mabawa kwenye kebo mpaka pedali ikapata mchezo wa kama sentimita moja na nusu. Nikawasha, nikakanyaga. Kimya.

Nikauokota ule waya nikaonyeshe nyumbani. Fundi akanyoosha mkono: “Niachie huo, bosi, utafaa kwenye kazi nyingine.”