Gramu 38 Ndani ya Mfuko Mmoja

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Tabata alinifuata na karatasi ya maabara. Yeye na wenzake wawili wa Kariakoo wamechanga fedha, mmoja kauza kiwanja chake cha Chanika, na wanataka kuingia ubia kwenye leseni ndogo ya kuchimba dhahabu huko Geita. Mwenye leseni anataka fedha hiyo izamishe duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, ambalo limefika mita 22 na kukutana na maji. Kijana wa jiolojia waliyemtuma kuliangalia anasema hapana, wakodi mtambo wa kuchoronga, watoboe mashimo manne. Karatasi ilikuwa na majibu matatu ya sampuli zilizotoka kwenye mfuko mmoja wa mbale, yaani mawe yenye dhahabu: gramu 38.4 kwa tani, gramu 0.6 na gramu 1.1. Chini yake mtu kaandika kwa kalamu: "wastani 13".

"Kaka, wewe umekaa na kore miaka," akaniambia, akimaanisha vile vipande vya mviringo vya mwamba vinavyotolewa na mtambo. "Tuchimbe au tuchoronge?"

Nimeona niandike kwa urefu, maana swali hili si lake peke yake, na wengi wanaopeleka fedha migodini kutoka Dar hawajawahi kusimama kwenye mdomo wa duara.

Nianze na upande wa mtambo. Dhahabu iliyokuwa juu juu walishaiokota waliotutangulia. Lupa, kule Chunya, miaka ya 1920 watu walikuwa wakiichekecha kwenye mchanga wa mito. Iliyobaki imefunikwa, na sehemu kubwa ya Usukuma imefunikwa kwa udongo mweusi wa mbuga ambao hauonyeshi chochote kilicho chini yake. Hakuna kifaa kinachoiona dhahabu yenyewe ikiwa imefunikwa hivyo. Wataalamu huwatafuta majirani zake. Mfano maarufu ni wa Afrika Kusini: mwaka 1930 Mjerumani Rudolf Krahmann alizunguka magharibi mwa Johannesburg na kipima sumaku, akifuatilia tabaka za mwamba wenye chuma zilizolala chini ya tabaka la dhahabu. Dhahabu haina sumaku, ila akijua jirani yuko wapi, anajua na yenyewe iko umbali gani. Geita nako dhahabu nyingi iko kwenye miamba ya mistari ya chuma, kwa hiyo ndege yenye kipima sumaku huichora mistari hiyo hata penye udongo mzito. Njia nyingine ni kupitisha umeme ardhini na kusikiliza unavyoitikiwa. Pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo mara nyingi huandamana na dhahabu, huitikia vizuri. Tatizo ni kwamba kinywe, ile kaboni nyeusi ya kwenye penseli, nacho huitikia vilevile, na watu wamechoronga mashimo ya gharama wakaishia kwenye mwamba mweusi mtupu.

Wizara ya Madini ilisema mwaka 2023 kwamba ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa ndege kwa kina kinachotakiwa, na lengo ni kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Mimi naunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Lakini ramani ya ndege inakwambia pa kuangalia, basi. Kinachogusa mwamba ni mchorongo.

Na mchorongo una heshima yake. Nimepasua kore kwa msumeno wa almasi, maji yakinirukia usoni, nusu moja naitia kwenye mfuko wenye namba, nusu nyingine nairudisha kwenye trei ibaki kama ushahidi. Ile nusu inayobaki ndiyo kinga ya mwekezaji. Kampuni ya Bre-X ya Kanada, kule Busang nchini Indonesia, ilikuwa ikisaga karibu kore nzima bila kubakiza nusu. Mwaka 1997 wengine walipochoronga pembeni ya mashimo yaleyale hawakukuta dhahabu ya maana, na ikabainika kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa mkono. Kwa hiyo yeyote anayekuletea ripoti ya uchorongaji, kabla ya kusoma tarakimu, muulize trei ziko wapi.

Shimo pia linakuonyesha usichoweza kukiona ukiwa ndani ya duara: mkanda wa mwamba wenye dhahabu umelala kwa pembe gani, umekatwa na ufa au unaendelea, pembeni yake kuna mwingine au hakuna. Linafika mita 80 bila binadamu kuteremka. Hilo mimi silichukulii kirahisi. Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangarata, Kahama, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 gizani. Tulifurahi nchi nzima, lakini wengi wanaofukiwa hawatoki. Kuzamisha duara ili kujua kama dhahabu inaendelea ni kumtumia kijana wa mtu kama mchorongo.

Hadi hapo ungedhani nimeshamjibu jirani. Sasa turudi kwenye karatasi yake, maana ugumu wote umo mle.

Chukua chembe moja ya dhahabu yenye kipenyo cha milimita 1. Uzito wake ni karibu miligramu 10. Mwamba wa gramu 3 kwa tani, ambao mchimbaji mdogo ataufurahia, una miligramu 3 katika kila kilo. Maana yake, ikiwa dhahabu yote ya mwamba huo iko katika chembe za ukubwa huo, kuna chembe moja katika kila kilo 3.4 hivi za mawe. Maabara ya kawaida inaingiza gramu 50 kwenye tanuru. Ukipeleka sampuli 67, kwa wastani moja itaikamata chembe na kusoma gramu 200 kwa tani, na 66 zitasoma sifuri. Maabara haijakosea popote. Kusaga kunasaidia kiasi, ila dhahabu ni laini, hubanjuka badala ya kuvunjika, kwa hiyo chembe kubwa hupita kwenye kinu ikiwa bado nzima.

Ile gramu 38.4 ya jirani yangu? Chembe moja isiyofika milimita 0.6 inatosha kuileta. Ile "wastani 13" haina maana yoyote kwa sampuli tatu, na nilimwambia hivyo, akanyamaza muda mrefu.

Hapo ndipo mwenye duara anapopata nguvu. Kore ya kawaida ina unene wa mpini wa jembe, na nusu ya mita moja yake ni kilo 2.4 tu. Mkanda wa quartz, lile jiwe jeupe gumu, wa sentimita 40 unakupa chini ya kilo moja kwa kila shimo. Mashimo manne yanaweza kupita katikati ya mkanda mzuri yasiikute chembe hata moja, jirani akakunja mkeka akarudi Dar. Zaidi ya hapo, quartz yenye dhahabu mara nyingi imevunjikavunjika, na vipande vyake huondoka na maji ya kuchorongea. Unafungua trei, penye mkanda pana pengo. Mtambo wa hewa, unaopuliza unga wa mwamba juu, ni wa bei nafuu, lakini ukigusa maji sampuli inachanganyika na ya mita zilizopita. Duara likishuka mita moja ndani ya mkanda huohuo, kwa urefu wa mita moja, linatoa zaidi ya tani moja ya mbale. Ni sampuli ambayo mtambo wa bei yoyote hauwezi kuitoa. Wazee wa maduara wanaosema "mwamba unajulikana karashani", yaani kwenye mashine ya kusaga mawe, hawasemi kwa ujinga.

Ila nao wana udhaifu mkubwa. Mfuko unaoletwa maabara huwa ni wa mawe yaliyochaguliwa kwa macho, yale yanayong'aa. Na dhahabu ya juu ya usawa wa maji imeshafunguliwa na kutu ya miaka mingi. Chini yake huwa imefungwa ndani ya pairaiti, ambako zebaki haiishiki. Duara lililolipa vizuri mpaka mita 22 linaweza kutolipa mita 30 ilhali dhahabu ni ileile.

Nipite haraka kwenye vile vifaa vya antena vinavyotangazwa mtandaoni kuwa vinaona dhahabu mita 30 chini. Kigundua chuma cha kweli hunasa kipande karibu na uso wa ardhi, na dhahabu ya unga ndani ya mwamba hakiisikii. Usitoe hata shilingi.

Nilichomshauri jirani kiko hivi. Mtambo na duara wanagombanishwa bure, kwa sababu vinajibu maswali mawili tofauti. Kiasi cha dhahabu waulize duara. Mkanda unaelekea wapi waulize mtambo. Wakate mkanda kwa upana wake wote, uzuri na ubaya pamoja, pale palipo pakavu, kilo 200 au zaidi. Wazisage zote, wazigawe kwa kigawanya sampuli wala si kwa koleo, wachekeche dhahabu nene na kuipima yote peke yake, unga upimwe kivyake. Wakipata maabara yenye zile mashine mpya za miale, teknolojia iliyotoka Australia, zinapima karibu nusu kilo kwa mkupuo, mara kumi ya tanuru. Majibu yakiwa mazuri, ndipo wachoronge mashimo mawili mafupi, si manne, kuona kama mkanda unavuka chini ya maji. STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, lina mitambo kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na benki hukopesha kwa shida duara lisilochorongwa hata shimo moja.

Mwenzake aliyeuza kiwanja hakufurahi, alitaka kazi ianze mwezi huu. Jana usiku jirani alinitumia picha kutoka Geita: magunia manne yameshonwa, kila moja lina namba ya rangi nyekundu, na pembeni karasha imefunikwa turubai. Chini kaandika, "Kaka, mengine hayang'ai kabisa, tuyatie nayo?"

Nikamjibu ayatie yote.