Jua la Nzega na zebaki ya kwenye karai

Jua Tabora tunalo, na zebaki kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Nzega ipo. Mtu akisikia kuna njia ya kuondoa metali nzito majini kwa nguvu ya jua, lazima atege sikio. Nami nilitega. Unga mweupe wa titani daioksaidi, uleule unaotiwa kwenye rangi za nyumba, unabandikwa kwenye vipande vya kioo, vigae au mchanga, kisha maji yanapitishwa juu yake juani. Mwanga ukiugonga, elektroni zinachomoka, na ioni ya metali, yaani chembe yake yenye chaji iliyoyeyuka majini, ikizidaka inabadilika hali.

Huko kubandika ndiko kunakonivutia. Unga ukimwagwa hivihivi majini hufanya kazi kwa kasi, maana kila chembe inaguswa na maji pande zote, ila kuuchuja baadaye ni balaa. Ukibandikwa unabaki mahali pake, unatumika tena. Unachopoteza ni kasi, na utando wenyewe huchubuka kadiri siku zinavyokwenda.

Kwa kromiamu ya viwanda vya kupaka vyuma, njia hii ina nguvu kweli: ile yenye chaji sita, sumu kali, inashushwa kuwa ya chaji tatu, isiyo kali hivyo, nayo hutuama maji yasipokuwa na asidi. Kadimiamu, metali nyingine nzito, ni ngumu. Elektroni za titani haziiwezi.

Sasa zebaki, na hapa naomba tusiende haraka. Metali haiungui ikaisha kama kijidudu. Ioni ya zebaki ikidaka elektroni mbili inarudi kuwa zebaki ileile ing'aayo. Inanata kwenye kioo au inapanda hewani kama mvuke. Kioo kisipooshwa kwa asidi na mtu anayejua kazi, na maji ya kuoshea yakahifadhiwa, tutakuwa tumeitoa sumu kwenye ndoo na kuipeleka puani.

Halafu tazama karai lenyewe. Mawe yamesagwa kwenye karasha, unga umeoshwa, mama ameinama anasugua mchanga na zebaki kwa viganja vitupu mpaka dhahabu ikamatwe. Anakamua kwa kitambaa, donge linachomwa. Zebaki nyingi inaondoka na moshi, nyingine inabaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu. Iliyoyeyuka majini ikawa ioni ni sehemu ndogo, na ndiyo hiyo tu ambayo kioo chetu kingeigusa. Tena maji yale ni tope. Mwanga wa urujuanimno unaoamsha titani, ambao ni kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, haupenyi humo.

Wapo watakaosema hata sehemu ndogo si ya kudharau, kwani kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa zebaki katika maji ya kunywa ni miligramu 0.006 kwa lita. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana siikatai njia hii. Nabishania mahali pa kuiweka. Ikae mwisho wa bwawa la marudio, tope likishatuama, mikononi mwa mtu aliyefunzwa. Kwenye ndoo ya nyumbani, hapana. Kwa maji ya kunywa, bomba la Ziwa Victoria limeshafika Nzega. Kulivuta hadi vijiji vya machimbo kunanipa matumaini zaidi. Na yule mama apatiwe chombo cha kuchomea chenye kifuniko na mrija wa kurudisha zebaki. Hela ya kwanza ningeipeleka huko.