Kilometa Saba za Mwalimu wa Jiografia

Najua mmeshaiona. Picha ya Baba Mkubwa amekalia kreti ya soda, viatu mkononi, imezunguka makundi yote, na aliyeirusha ni bwana harusi mtarajiwa mwenyewe. Maelezo aliyoweka chini yake, eti mwalimu wa jiografia hajui kusoma ramani, ni uchochezi mtupu, kwa hiyo sikilizeni ya mhusika, yaani mimi.

Tunapeleka posa, milima ya Lushoto, gari likazima. Macho yote kwa nani? Mwalimu wa jiografia! Nikakunjua ramani. Skeli 1:50,000, yaani sentimeta 2 ni kilometa 1. Nikatoa uzi (ninyi mnaopima barabara ya mlimani kwa rula iliyonyooka, tutaonana siku nyingine), nikaufuatisha kila kona, nikaulaza kwenye rula: sentimeta 14.

"Wazee, kilometa 7 tu. Mwendo wa saa mbili."

Soda zikapanda vichwani.

Saa mbili zikaisha. Nikasema ni kona ile pale. Tukakata kona: mahindi. Kona nyingine: mahindi, na mbuzi anatutazama. Baba Mkubwa hakusema neno. Alitua kreti taratibu, akakaa, akavua kiatu cha kushoto, akakichungulia ndani kama kuna mtu, kisha akavua cha kulia. Hapo ndipo akatokea binti mwenye sare ya sekondari. Akatuamkia wote, "Shikamooni," akaiomba ramani, akachomoa rula mkobani. Jamani, akaiweka kwenye ule mstari wa skeli chini ya karatasi. Mstari ninaoufundisha kila mwaka!

"Mwalimu, hii ni kopi?"

"Eeh."

"Ya A3 iliyopunguzwa iingie A4?"

Nikakohoa.

"Maana kilometa 1 hapa ina sentimeta 1.4. Mashine ikipunguza ramani, mstari nao unapungua. Ila 1:50,000 ni maandishi, yanabaki vilevile. Kwa hiyo 14 gawanya kwa 1.4..."

"Kumi," akasema Baba Mkubwa, ambaye shule aliachia darasa la nne.

Bwana harusi akapiga picha.

Tukafika giza limeingia, posa ikapokelewa, tukala. Wakwe wakatutoza faini ya kuchelewa, kwa hesabu ya kilometa. Mshenga akajitutumua kwamba kwenye ramani ni saba. Baba Mkubwa akamkatiza:

"Ni kumi. Na anayelipa ni Mwalimu."